Ajira Portal kwa Anayerudi Baada ya Kukataliwa: Mapitio ya Mlango kwa Mlango

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira huwa na kipengele kinachojirudia karibu na mwisho, baada ya maelekezo ya vitambulisho na vyeti halisi: ambao majina yao hayakuonekana watambue kuwa hawakukidhi vigezo, na wasisite kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Wengi hawafiki hapo. Wakishalitafuta jina mara mbili na kulikosa, wanafunga faili. Wanaofika hukisoma kama salamu ya pole. Lakini kipengele kile kinaeleza jinsi ulivyo Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini Tanzania: akaunti haifungwi, ada haipo, na hakuna anayehesabu umeomba mara ngapi. Aliyeachwa mara sita anaingia kwenye tangazo la saba akiwa sawa kabisa na anayeomba kwa mara ya kwanza.

Mapitio haya ni ya huyo wa mara ya saba. Namna ya kufungua akaunti inaelezwa kila kona ya mtandao. Kisichoelezwa ni mfumo huu unamfaa vipi mtu aliyekwisha kukataliwa: unamwambia nini, unamficha nini, na arekebishe wapi kabla ya kurudi.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa kifupi. Anwani ni portal.ajira.go.tz. Mwenye mfumo ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyo chini ya Ofisi ya Rais na iliyoundwa kwa kifungu cha 29(1) cha Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Zamani maombi yalikwenda kwa posta ndani ya bahasha ya kaki, na aliyeachwa hakujua hata kama bahasha ilifika. Walimu, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakipangiwa vituo bila usaili, waliingizwa kwenye utaratibu huu mwaka 2024. Usaili wao wa mwanzoni mwa 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Piga hesabu, ni zaidi ya watu 13 kwa kiti kimoja. Kwenye msongamano wa namna hiyo mtu mwenye sifa zote anaweza kukosa, na mtu mwenye sifa zote aliyesahau kusaini barua atakosa kwa uhakika. (Ajira za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zina utaratibu wake. Usizitafute humu.)

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba "nimekosa" ina maana nne tofauti kwenye mfumo huu. Unaweza kuachwa kwenye uchambuzi wa nyaraka, kabla hujaitwa popote. Unaweza kuangukia kwenye mtihani wa mchujo. Unaweza kuishia kwenye vitendo au mahojiano. Na unaweza kufaulu vyote ukakosa nafasi kwa sababu viti vimejaa. Dawa ya mlango mmoja haitibu mwingine, na kosa kubwa la wanaorudia ni kutibu mlango ambao hawakuangukia. Mtu ameachwa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa, yeye ananunua mkusanyiko wa maswali ya usaili.

Mlango wa kwanza: nyaraka

Hapa ndipo Ajira Portal inastahili sifa. Ndani ya akaunti, kwenye orodha ya maombi yako, kila ombi lina hali yake, na ombi lililoachwa huwekewa sababu. Sababu hiyo ni fupi mno, mara nyingi sentensi moja, lakini ni sentensi ambayo bahasha ya kaki haikuwahi kuitoa. Kabla ya kuomba tena, fungua maombi yote ya nyuma uandike sababu zake kwenye karatasi moja. Ikijirudia moja mara tatu, tatizo liko kwenye wasifu wako na halihusiani na ushindani.

Sababu zinazojirudia zaidi hizi hapa, pamoja na kinachojificha nyuma yake.

Barua ya maombi. Matangazo yanasema wazi iwe imesainiwa. Watu huandika barua kwenye kompyuta, wanaigeuza kuwa PDF na kuipandisha ikiwa na jina chini bila saini. Chapisha, saini kwa kalamu, skani, pandisha. Halafu angalia anwani. Kwa nafasi nyingi barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Lakini halmashauri zinapotangaza nafasi zake kwa kibali, maombi hupitia mfumo huuhuu huku barua ikielekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika. Anayetumia barua ya mwaka jana kwa kubadilisha tarehe tu hunaswa hapo. Andika jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo, pamoja na daraja: "Mtendaji wa Kijiji Daraja la III" isigeuzwe "afisa mtendaji". Ukurasa mmoja unatosha.

Cheti kisichokubalika. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita, ile karatasi ya muda, haipokelewi. Matokeo ya muda ya chuo na barua za kuthibitisha kwamba umehitimu hazipokelewi pia. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Mhitimu ambaye cheti chake bado kimekaa chuoni kwa sababu ya deni la ada ataachwa kila tangazo mpaka akifuate, na fedha ya kulipia deni hilo inamsaidia kuliko fedha ya kitu kingine chochote kwenye safari hii. Waliosoma nje ya nchi wanahitaji vyeti vilivyohakikiwa na mamlaka ya ngazi husika: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati, NECTA kwa sekondari. Uhakiki huo huchukua muda, na tangazo mara nyingi hukaa wazi wiki mbili tu, kwa hiyo ukianza siku tangazo linapotoka umeshachelewa.

Majina. Hapa panaangusha watu wengi wasiostahili kuanguka. Salum kwenye cheti cha kidato cha nne, Salumu kwenye kitambulisho cha NIDA. Majina matatu kwenye shahada, mawili kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina la mume limeingia katikati. Wengi hukimbilia kiapo cha mahakamani, na matangazo ya usaili hayataji kiapo. Yanataja deed poll, yaani hati ya kubadili jina iliyosajiliwa Wizara ya Ardhi. Wakili huiandaa ikionyesha jina la zamani na jipya, kisha inapelekwa kwa msajili wa hati. Ukishaipata, iambatishe pamoja na vyeti kwenye kila ombi, kisha ubebe nakala halisi siku ya usaili. Kuna wanaofikishwa mpaka kwenye chumba cha usaili na kurudishwa kwa sababu hii hii, nauli imekwisha kuliwa.

Tarehe ya kuzaliwa ni ndugu wa tatizo hilo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Linganisha na cheti cha kuzaliwa cha RITA sasa hivi, kabla ya tangazo. Matangazo mengi hutaka mwombaji asizidi miaka 45 isipokuwa aliye tayari kazini serikalini, kwa hiyo tarehe mbili zinazopishana si jambo dogo kwa aliye karibu na mpaka huo. Cheti cha kuzaliwa chenyewe hutakiwa kiwe kimethibitishwa na wakili. Kopi tupu inaweza kukuacha nje.

Mitihani miwili ya kidato cha nne. Aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana vyeti viwili: kimoja namba yake inaanza na S ya shule, kingine na P. Wengi hupandisha kile chenye alama nzuri na kukificha kingine kwa aibu. Matokeo yake somo linalotakiwa, tuseme Kiswahili, liko kwenye cheti kilichofichwa, na mchambuzi anaona pengo. Weka vyote viwili, kila kimoja na mwaka wake. Kurudia mtihani hakukutajwa popote kwenye sifa kama dosari.

Sifa mahususi ya kada. Soma tangazo neno kwa neno, maana hapa uzoefu haufidii karatasi. Mfano ni nafasi ya Dereva Daraja la II: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la C au E ambayo mwombaji ameifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Mtu aliyeendesha lori la masafa marefu miaka 12 bila cheti hicho cha mwisho ataachwa, na atakayeitwa ni kijana mwenye mwaka mmoja barabarani. Unaweza kulalamika mpaka asubuhi. Kozi inaondoa tatizo hilo, malalamiko hayaliondoi. Kwa walimu, daraja la III A ni la cheti, III B la stashahada, III C la shahada, na kwa sekondari somo la kufundishia hutajwa kwenye nafasi yenyewe. Mwenye shahada isiyo ya ualimu anahitaji pia stashahada ya uzamili ya elimu. Transkripti iambatishwe pamoja na cheti, kwa sababu cheti cha shahada peke yake hakionyeshi ulisoma masomo gani.

Upande wa ufundi wa mfumo hauna mengi ya kusema. Viambatisho ni PDF. Skani kwa rangi ya kijivu kwa ubora wa nukta 150 mpaka 200 kwa inchi, na ukurasa mmoja utakuwa mwepesi na bado unasomeka. Picha ya simu iliyopigwa usiku chini ya taa ya chumbani, yenye kivuli cha mkono wako juu ya mhuri, haisomeki. Fungua kila faili baada ya kulipandisha. Si mara moja watu wameambatisha cheti cha ndugu yao kwa sababu faili zote mbili ziliitwa "scan 001". Siku mbili za mwisho mfumo huwa mzito kwa wingi wa watu, kwa hiyo jipe tarehe yako ya mwisho, siku nne kabla ya ile ya tangazo.

Nina dukuduku moja na mlango huu. Sababu inayoandikwa ingeweza kutaja waraka wenyewe: cheti kipi, ukurasa upi, kasoro gani. Kuambiwa "hukukidhi sifa za elimu" wakati umepandisha vyeti vitano kunakuacha ukipapasa. Ukikutana na sababu ya namna hiyo, weka tangazo upande mmoja na vyeti vyako upande mwingine, pitia sifa moja moja kwa sauti, na pale utakapositasita ndipo penye kasoro.

Mlango wa pili: mchujo

Ukiitwa, namba ya mtihani huonekana ndani ya akaunti yako na utahitajika kuinakili. Bila namba huingii. Kitambulisho kinaweza kuwa cha NIDA, cha kupigia kura, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, au barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. Vyeti ni halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Kada zenye bodi za kitaaluma hudaiwa cheti cha usajili na leseni ya kufanyia kazi, na leseni iliyokwisha muda ni sawa na kutokuwa nayo. Hakikisha pia anwani ya makazi kwenye akaunti ni ya unakoishi sasa, maana usaili wa mchujo ukifanyika mikoani, anwani ndiyo inayoamua kituo. Mtu anayeishi Mbeya huku akaunti ikisema Mwanza ameshajiandikia safari.

Mtihani wenyewe hautungwi hewani. Chanzo chake kikubwa ni ile orodha ya majukumu iliyo kwenye tangazo, ambayo waombaji huiruka wakikimbilia sifa na mshahara. Chukua kila jukumu uligeuze maswali matatu: ni nini, linafanywa kwa hatua zipi, na sheria gani inalisimamia. Tuchukue Mtendaji wa Kijiji. Tangazo linasema ni mlinzi wa amani na katibu wa vikao vya kijiji. Basi fungua Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, ujue halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi (15 mpaka 25), mkutano mkuu wa kijiji unaundwa na nani (wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea), nani anaitisha, nani anaandika muhtasari. Ongeza Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kwa sababu migogoro mingi ya kijijini ni ya mipaka ya mashamba. Kwa kada ya kumbukumbu, soma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, pamoja na namna masjala (ofisi ya kutunza majalada) inavyofungua, kufunga na kuhamisha jalada. Kwa ununuzi, sheria ya sasa ni Na. 10 ya mwaka 2023. Anayejibu kwa sheria ya 2011 kwa sababu ndiyo aliyoisoma chuoni anajiangusha mwenyewe. Na kwa kada zote, Sheria ya Utumishi wa Umma, Kanuni zake za mwaka 2022, na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009.

Mikusanyiko ya "maswali yaliyotoka" inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp ina faida moja, kukuonyesha sura ya maswali. Majibu yake usiyaamini bila kuyapeleka kwenye sheria, maana mengi yameandikwa na watu walioangukia mlango huo huo.

Sasa, umefanya mtihani na umekosa. Hapa ndipo huduma hii ilipo dhaifu zaidi. Matokeo hutoka kwa namba ya mtihani, alama, na neno la kuchaguliwa au kutochaguliwa. Basi. Huoni karatasi yako wala majibu sahihi, na hujui ulianguka kwenye somo gani. Mtu anayetaka kurudi akiwa bora anapewa tarakimu moja.

Lakini tarakimu hiyo ina habari ukijua kuisoma. Usiangalie alama yako peke yake. Kwenye faili lile la matokeo, tafuta alama ya chini kabisa kati ya waliochaguliwa wa kada yako. Tuseme ni 71 na wewe una 68. Umefikia kiwango na kilichokuangusha ni maswali mawili. Usibadili njia ya kusoma, ongeza mazoezi ya kujibu kwa muda. Tuseme una 44. Hapo kuna eneo zima hukuligusa, na kurudia madaftari yale yale kutakuletea 46. Na tuseme una 60 na unajisikia umeonewa kwa sababu umevuka nusu: kuvuka nusu hakukupi kiti wakati nafasi ni chache na wenzako wamejaa juu yako. Mstari unasogea kwa kila tangazo kufuatana na idadi ya nafasi na ubora wa walioketi siku hiyo. Ndiyo maana 60 ile ile inaweza kukupeleka kwenye mahojiano mwaka mwingine, kwenye kituo kingine.

Kitu kingine cha kufanya, na kifanywe jioni ileile: andika maswali yote unayoyakumbuka, hata kwa vipande, ukiweka alama kwenye yale uliyobahatisha. Baada ya siku tatu kumbukumbu imekwenda. Karatasi hiyo ndiyo mrejesho wa pekee utakaoupata, na umejipa mwenyewe.

Vitendo na mahojiano

Kada kama udereva na uandishi mwendesha ofisi zina usaili wa vitendo. Kwa mwandishi mwendesha ofisi, tangazo hutaka hatimkato (maandishi ya mkato) ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika moja. Anayefika na maneno 70 ajue mazoezi yake ni ya saa, yafanywe kila siku, kwa sauti ya mtu mwingine anayesoma. Kujisomea imla mwenyewe hakusaidii kwa sababu unapunguza mwendo bila kujijua. Kwa dereva, ukaguzi wa gari kabla ya kuwasha (maji, mafuta ya injini, breki, matairi, taa) hupuuzwa na wazoefu kwa kuwa ni wazoefu.

Mahojiano huwaangusha watu kwa majibu ya jumla. Swali la "utafanyaje kama mwananchi amekuletea malalamiko" halitaki "nitamsikiliza kwa makini". Linataka hatua: napokea, naandika kwenye rejesta, nampa namba ya kumbukumbu, napeleka kwa mhusika, namjulisha kwa muda huu. Jaribu kujieleza kwa dakika moja na nusu ukitumia saa ya simu. Wengi hufika dakika nne na bado wako kidato cha pili. Kuhusu wale wanaosema mahojiano ni kujuana tu, mtu asiyeweza kutaja majukumu matano ya kazi anayoiomba hana ushahidi wa kutosha wa kudai hivyo.

Kufaulu bila kiti

Huu ndio mlango ambao watu hawaujui na ndio uzuri wa mfumo uliofichika. Aliyefaulu usaili lakini nafasi zikaisha jina lake huingia kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya majina ya waliofaulu, na mwajiri mwingine akihitaji kada hiyo anaweza kupelekewa jina bila usaili mpya. Ndiyo sababu matangazo ya kuitwa kazini husema orodha inajumuisha baadhi ya waliokuwa kwenye kanzidata. Yaani mtu anaweza kuwa amepigwa na kukata tamaa huku jina lake liko hai.

Jina halikai humo milele, kwa hiyo usiache kuomba ukisubiri. Soma kila tangazo la kuitwa kazini la kada yako, hata la taasisi ambayo hukuomba, maana jina linaweza kutokea kwa mwajiri usiyemtarajia na mkoa usioutarajia. Ukiitwa, barua ina muda wa kuripoti. Muda huo ukipita, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Anayesema "nitakwenda nikipewa Dar" anajiondoa mwenyewe.

Gharama, na watu wa kuepuka

Mfumo ni bure. Fedha inaliwa pembeni: wakili wa kuthibitisha, steshenari, bando, nauli, chakula na malazi, ambavyo tangazo husema wazi ni juu ya msailiwa. Thibitisha nyaraka zote siku moja kwa wakili mmoja, skani zote siku hiyohiyo, zihifadhi kwenye barua pepe yako, na maombi yatakayofuata yatagharimu bando tu. Asiyefanya hivyo analipia mambo yaleyale kila tangazo, na baada ya mara nne anasema kuomba kazi ni ghali.

Jihadhari na kujaziwa. Kijana wa steshenari anafungua akaunti kwa barua pepe aliyoiunda palepale, nywila ameichagua yeye, na namba ya simu wakati mwingine ni yake. Miezi mitano baadaye unaitwa usaili na huwezi kuingia kuchukua namba ya mtihani. Kama tayari uko kwenye hali hiyo, rudi kwake leo uchukue barua pepe na nywila, ubadilishe nywila mbele yake. Na anayekupigia kusema nafasi yako iko tayari ila kuna kiasi cha kutuma, ni tapeli. Huwalenga hasa waliokwisha kukosa mara kadhaa, kwa sababu orodha za majina ziko wazi kwa kila mtu kuziona.

Kwa mtu anayerudi, basi, Ajira Portal ni nzuri sana kwenye mlango wa kwanza, bubu kwenye wa pili, na yenye huruma ya kimyakimya kwenye wa nne. Tungeipa alama 7 kati ya 10, na mbili kati ya tatu ilizopoteza ni kwa kutotoa mrejesho wa mtihani. Kabla hujafunga ukurasa huu, ingia kwenye akaunti uangalie namba ya simu iliyoandikwa kwenye wasifu. Kama ni ile laini uliyoipoteza mwaka juzi, ibadilishe sasa.